Je, Wajua? Metal Gear, Gemu Linalovuka Kioo

Je, wajua kwamba Metal Gear ilizaliwa kwa sababu kompyuta ilishindwa kuonyesha vita?

Hideo Kojima aliingia kampuni ya Konami huko Japani mwaka 1986, akapangiwa kitengo cha magemu ya kompyuta za MSX. Aliambiwa atengeneze gemu la vita. Kikwazo kikawa mashine. MSX2 iliweza kuchora vitu vinavyotembea 32 tu kwenye skrini nzima, na visizidi 8 kwenye mstari mmoja wa mlalo. Cha tisa kikiingia kwenye mstari huo, hakionekani. Ukishaweka shujaa wako, askari wachache na risasi zao, watu wanaanza kuyeyuka mbele ya macho yako.

Kojima ni mpenzi mkubwa wa sinema, na kichwani alikuwa na The Great Escape, filamu ya mwaka 1963 kuhusu wafungwa wanaotoroka kambi ya Wajerumani. Akaigeuza kazi aliyopewa: askari wawe wachache, na mchezaji asipigane nao, apite bila kuonekana. Metal Gear ikatoka Julai 1987. Haki yake apewe pia Silas Warner wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1981 alikuwa ameshatoa Castle Wolfenstein kwa kompyuta ya Apple II, gemu ambalo ndani yake unawapita Wanazi kwa kuvaa sare zao. Kunyemelea kulikuwepo kabla ya Kojima. Alichokifanya yeye ni kukufanya uogope kuonekana, kwa alama moja tu ya mshangao juu ya kichwa cha mlinzi. Mtu aliyewahi kuisikia sauti ya alama ile katika magemu yaliyofuata, hata leo ikipigwa kwenye simu ya abiria mwenzake ndani ya daladala, moyo wake utaruka.

Je, wajua kwamba boksi ni usafiri?

Tangu mwaka 1987 shujaa wetu, Snake, hujificha ndani ya boksi la karatasi ngumu. Katika Metal Gear Solid kila boksi lina mahali linakopelekwa, na ukijifunika ndani yake nyuma ya lori, dereva atakuchukua kama mzigo na kukushusha huko. Hakuna anayekufundisha jambo hilo. Unaligundua mwenyewe, kisha unakwenda kuwahadithia wenzako.

Je, wajua kwamba namba ya siri ilichapishwa nyuma ya kasha la CD?

Hapa ndipo mimi nilipoingia. Metal Gear Solid ilitoka Japani tarehe 3 Septemba 1998 kwa mashine ya PlayStation, ikiwa kwenye CD mbili. Miaka michache baadaye ilifika kwenye banda la gemu la Magomeni, Dar es Salaam, nilikokuwa nikimalizia hela zangu za kunywea chai shuleni. Banda lilikuwa na benchi, runinga kadhaa zenye migongo mirefu, na foleni ya watoto waliotaka kucheza mpira. Mtu aliyeweka gemu la watu wanaozungumza kwa redio kwa dakika nyingi mfululizo alipigiwa kelele, kwa sababu muda ulilipiwa na watazamaji walitaka mabao.

Kuna mahali ndani ya kambi ya Shadow Moses, kisiwani Alaska, ambapo mateka mmoja anamwambia Snake awasiliane na msichana aitwaye Meryl. Masafa ya redio yake, anasema, yako nyuma ya kasha la CD. Wachezaji kote duniani walikagua mikoba ya Snake wakitafuta CD. Masafa yenyewe, 140.15, yalikuwa kwenye picha moja nyuma ya kasha halisi, lile ulilobeba kutoka dukani.

CD yetu haikuwa na kasha. Ilikuwa nakala, imechomekwa kwenye mfuko wa nailoni, na jina limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Tukakwama. Tulizunguka kambi nzima, tukapekua kila chumba, tukarudi pale alipokuwa yule mateka kana kwamba anaweza kubadili kauli. Mwisho namba ilipatikana kupitia kijana wa mtaa wa pili, ambaye binamu yake aliishi Muscat na alikuwa na gemu lenye kasha lake. Simu ikapigwa, binamu akasoma, na namba ikaandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa banda, ikabaki pale hata kwa watoto ambao hawakujua ni ya nini. Kwa Kojima lilikuwa fumbo la mtu mmoja mwenye kasha mkononi. Kwetu liligeuka kuwa shughuli ya mtaa mzima, na sijui kama kuna mchezaji wa London au Chicago aliyeifurahia namba ile kama sisi.

Je, wajua kwamba kuna adui anayesoma memori kadi yako?

Anaitwa Psycho Mantis, na ni mtu mwenye uwezo wa kusoma mawazo ya watu. Ili kuthibitisha uwezo huo anaipekua memori kadi iliyochomekwa kwenye mashine. Akikuta kumbukumbu za magemu mengine ya Konami, kwa mfano Castlevania au Suikoden, anakutajia unayoyapenda. Akishamaliza hapo anakueleza tabia yako kwa kuangalia umehifadhi mchezo mara ngapi: anayehifadhi kila mara ni mtu wa tahadhari, asiyehifadhi ni mtu wa pupa. Kisha anakuamuru uweke pedi chini sakafuni, naye ataisogeza kwa nguvu za akili yake. Pedi inatetema na kusogea.

Kwetu memori kadi ilikuwa ya banda. Tulichangia hifadhi moja, kila mmoja akiendelea pale mwenzake alipoishia. Mantis alipoanza kueleza tabia ya mchezaji, alikuwa akituelezea sote kwa pamoja, na benchi zima likagombana nani hasa alikuwa mwenye pupa. Alipoamuru pedi iwekwe chini, kaka mwenye banda akasema, "Subirini, wadogo zangu," akaenda nyuma ya pazia na kutoka na pedi yake ya halali, pekee yenye kutetema, ambayo hakuwahi kumpa mteja. Akaiweka kwenye saruji kwa mikono miwili. Ilipotetema, waliokuwa wakicheza mpira waliacha mpira.

Bado kulikuwa na zaidi. Katikati ya pambano kioo kikawa cheusi, na pembeni kukatokea neno la kijani: HIDEO. Ni jina la Kojima, limeandikwa lifanane na neno ambalo runinga za zamani ziliandika zilipopoteza picha ya video. Kaka akainuka na kuipiga runinga kofi.

Na siri ya kumshinda? Toa pedi kwenye tundu la kwanza, chomeka kwenye la pili. Mantis husoma mawazo kupitia tundu la kwanza tu. Ukikwama, Kanali Campbell, kamanda wa Snake, anakushauri kwa redio ufanye hivyo. Mtu aliyebuni jambo hilo alikuwa amefikiria hadi waya unaoning'inia chumbani kwako.

Je, wajua kwamba kuna Zanzibar isiyo na bahari?

Hadithi hii inaanzia kwenye treni. Baada ya Metal Gear ya kwanza kuuzwa vizuri Marekani, kampuni ilianza kuwatengenezea Wamarekani mwendelezo bila kumshirikisha Kojima. Jina lake likawa Snake's Revenge, wa mwaka 1990. Kojima alipata habari kutoka kwa mfanyakazi mwenzake aliyekutana naye kwenye treni hiyo, mmoja wa waliokuwa wakilitengeneza gemu hilo, naye akamsihi atengeneze mwendelezo wa kweli. Matokeo yake ni Metal Gear 2: Solid Snake, iliyotoka Japani Julai 1990 kwa MSX2.

Gemu zima linatokea katika nchi ya kubuni iitwayo Zanzibar Land. Usitafute karafuu, majahazi wala Forodhani. Nchi hiyo imewekwa Asia ya Kati, katika mwaka 1999, na inatawaliwa na askari wa kukodiwa. Dunia ya hadithi inaishiwa mafuta ya petroli. Mwanasayansi mmoja wa Kicheki amegundua kiumbe hai kidogo kinachotengeneza mafuta, na Zanzibar Land imemteka. Ndani ya ngome kuna watoto yatima wa vita wanaocheza kwenye korido na kukupa madokezo. Ukimuua mmoja wao, nguvu zako za uhai zinapungua. Kuna mlango wa miale ya leza ambayo huzimwa usiku. Unaupita kwa kubeba yai mpaka lianguliwe bundi, bundi analia, na mlinzi anaamini usiku umeingia, anazima miale. Adui wa mwisho, Big Boss, unamuua kwa kiberiti cha gesi na kopo la kupulizia rangi, kwa sababu umenyang'anywa kila kitu kingine.

Gemu hilo lilibaki Japani kwa miaka 15. Lilitafsiriwa rasmi kwa Kiingereza lilipowekwa ndani ya Subsistence, toleo jipya la Metal Gear Solid 3: Snake Eater, lililotoka Japani mwishoni mwa 2005 na Marekani mwaka 2006. Nilipolicheza hatimaye nilikuwa mtu mzima, na jina lile kwenye skrini lilinisimamisha. Mama yangu ni mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja. Nilimwonyesha. Akatazama milima, akatazama vifaru, akauliza, "Na watu wake wako wapi, mwanangu?" Swali zuri, kwa sababu Zanzibar Land haina raia wa kawaida hata mmoja, ni askari na watoto tu, na nadhani ndivyo Kojima alivyotaka nchi ya askari ionekane.

Je, wajua haya ya haraka haraka?

Kabla ya kuchora kambi ya Shadow Moses, timu ilijenga ramani zake kwa matofali ya kuchezea ya LEGO, ili waone kamera itakavyopita.

Nyayo zako kwenye theluji humfanya mlinzi azifuate. Moshi wa sigara ya Snake huonyesha miale ya ulinzi isiyoonekana kwa macho, ila sigara yenyewe inakula afya yake taratibu.

David Hayter, sauti ya Snake kwa Kiingereza kwa miaka mingi, ndiye aliyeandika mswada wa filamu ya X-Men ya mwaka 2000. Metal Gear Solid ilipofanywa upya kwa GameCube mwaka 2004, alisamehe sehemu ya malipo yake ili waigizaji wenzake wa awali warudishwe. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi ya sauti yake.

Katika gemu la mwaka 2001, ukipiga risasi ndoo ya barafu kwenye baa ya meli, vipande vinaanguka na kuyeyuka polepole, huku walinzi wanakutafuta. Kuna watu walikufa wakiangalia barafu.

Je, wajua kwamba gemu liliwahi kumwambia mchezaji azime mashine, kisha likarudia baada ya miaka 14?

Mwaka 1987 Big Boss, kamanda wako mwenyewe, alipoona unakaribia kugundua kwamba ndiye adui, alikuambia kwa redio uzime MSX yako. Mwaka 2001, katika Metal Gear Solid 2: Sons of Liberty, Kanali wa kwenye redio anaanza kusema mambo yasiyoeleweka na kukusihi uzime mashine, umecheza mno. Baadaye unaambiwa kwamba kanali huyo hakuwa mtu, alikuwa programu inayojifanya mtu, na kazi yake ni kuchuja habari zipi ziwafikie watu na zipi zizame kwenye takataka. Maneno hayo yaliandikwa kabla ya Facebook kuwepo. Wakati ule niliona ni maneno marefu yanayonichelewesha. Nimeyasikiliza tena miaka hii nikiwa na simu mkononi, na sikuweza kuendelea kucheza jioni hiyo.

Gemu hilo lilitoka Marekani Novemba 2001, na hadithi yake inaishia New York. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, tukio la chombo kikubwa cha vita kikiivamia Manhattan liliondolewa.

Je, wajua kwamba unaweza kumshinda adui kwa kusubiri afe kwa uzee?

Snake Eater ya mwaka 2004 ndiyo niipendayo kuliko zote, na sitajitahidi kuwa wa haki hapa. Inarudi mwaka 1964, katikati ya Vita Baridi, mwaka ule ule wa Mapinduzi ya Zanzibar halisi na Muungano, na inampeleka kijana atakayekuja kuwa Big Boss, ambaye naye anaitwa Snake, kwenye misitu ya Urusi. Nguo na rangi za usoni unazibadilisha zifanane na majani au matope uliyolalia, na kona ya skrini inakuambia kwa asilimia umefichika kiasi gani. Unawinda nyoka na vyura ule. Mkono ukivunjika unaufunga mwenyewe kwa banzi. Nyama uliyoiweka mkobani inaoza kwa kufuata saa ya ndani ya mashine, hata kama mashine ilizimwa.

Saa hiyo hiyo ndiyo inayomuua The End, mdunguaji mkongwe aliyepita umri wa miaka 100. Pambano naye linaenea msituni, na laweza kuchukua saa nyingi za kumtafuta kwa mlio wa kasuku wake na kwa mng'ao wa darubini yake. Lakini ukihifadhi mchezo katikati ya pambano, ukaacha ipite zaidi ya wiki, ukirudi unamkuta amefariki. Hata kuisogeza mbele tarehe ya mashine kunatosha. Mimi nilimwinda. Rafiki yangu mmoja alisafiri kwenda kumzika babu yake Singida, aliporudi na kuwasha mashine akamkuta mzee amekufa. Hakuijua siri hiyo. Alizima, akakaa muda mrefu kabla ya kuniambia.

Baadaye kuna mto. Snake anapita kwenye maji ya magoti, na wanakuja mbele yake wote aliowaua, na majeraha yale yale aliyowatia. Aliyepita bila kuua anaukuta mto karibu mtupu. Aliyepita kwa bunduki anatembea kwa dakika nyingi katikati ya vilio. Mara ya kwanza mto wangu ulijaa. Nilianza upya gemu zima kwa bunduki ya usingizi, na tangu siku hiyo sijacheza gemu lolote la aina hii kwa njia nyingine.

Na mwishoni kabisa, kwenye uwanja wa maua meupe, Snake anamwelekezea bunduki The Boss, mwalimu wake aliyemlea kijeshi, ambaye kosa lake ni kutii amri ya nchi yake. Picha inatulia. Unadhani ni sinema, unangoja. Hakuna kinachotokea, mpaka utambue kwamba gemu linakungoja wewe ubonyeze.

Je, wajua kwamba katika The Phantom Pain mkalimani ni silaha?

Metal Gear Solid V: The Phantom Pain ilitoka tarehe 1 Septemba 2015. Nusu yake iko Afghanistan wakati wa vita na Wasovieti mwaka 1984, na nusu iko mpakani mwa Angola na Zaire. Watu wanaongea Kirusi, Kipashto, Kiafrikana na Kikongo, na usipopata mtu mwenye ujuzi wa lugha hizo na kumwajiri, mazungumzo yao utayasikia kama upepo. Ramani ya Afrika ina majina kama Munoko ya Nioka, ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kulisoma mara mbili. Hadithi yenyewe ni ya vimelea vinavyokaa kwenye koo na kuamshwa na lugha fulani: anayeisema, anakufa. Aliyevitengenezea njama ni mtu aliyenyang'anywa lugha yake ya mama utotoni, kila kijiji chake kilipopata mtawala mpya. Askari watoto wapo, na ukimuua mmoja kazi yako imeharibika papo hapo. Inabidi uwatoe wakiwa hai.

Pale Magomeni tulikuwa na mkalimani wetu, dada wa kidato cha tatu aliyepita bandani akitoka tuisheni. Alisimama mlangoni na madaftari yake, akatafsiri redio ya Snake kwa sauti, akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Bila yeye tungejua milango na funguo tu. Wale waliotaka mpira walikuwa wakimnyamazia.

Je, wajua kwamba mwisho mmoja wa gemu hauwezi kuonekana na mtu mmoja?

Kojima aliachana na Konami mwaka 2015, jina lake likaondolewa kwenye jalada la The Phantom Pain, na Desemba mwaka huo akafungua studio yake huru. Snake Eater imetengenezwa upya bila yeye na kutoka Agosti 2025.

Ndani ya gemu lake la mwisho la Metal Gear aliacha jambo kubwa kuliko memori kadi ya Mantis. Mchezaji anaweza kujenga kichwa cha nyuklia kwenye kambi yake ya mtandaoni, na akiwa nacho, wachezaji dhaifu hawawezi kumvamia. Kuna tukio la mwisho linalofunguka pale tu wachezaji wote wa aina moja ya mashine watakapokuwa wamevunja vichwa vyao vyote, kisibaki hata kimoja. Watu walijipanga kwa miaka. Walivunja vyao, kisha wakaanza kunyemelea kambi za wengine, wakiiba mabomu ili wayavunje. Nilikuwa mmoja wao. Usiku, intaneti ikiwa nafuu, nilitambaa kwenye kambi za watu wa nchi nisizozijua, kwa bunduki ya usingizi, na kutoka na kichwa kimoja. Asubuhi nilikuta idadi imepanda tena, na usiku nikarudi kazini.